Je, Komba Ana Faida Gani?

Safari hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya mnyama mdogo ambaye wengi wenu mmemsikia usiku, na ni wachache waliomwona. Huenda wengine wakashangaa. Gazeti la Kanisa lina mambo ya ndoa, ya malezi, ya sala na ya haki katika nchi. Komba aingiaje ukurasa huu? Twajibu kwamba hatukumtafuta. Aliletwa kwetu ndani ya kofia.

Ilikuwa Jumamosi jioni, katika kigango kimoja kusini mwa Mwanza, mahali ambapo ziwa laonekana kwa mbali kati ya majabali. Tulikuwa tumekwenda kuungamisha na kulala huko, ili kesho yake tuadhimishe Misa. Akaja mzee mmoja, baba wa watoto wanane, Mkristo mwema ambaye kazi yake ni kuchoma mkaa. Kofia ilikuwa mikononi mwake, naye aliishika kama mtu ashikaye bakuli la uji wa moto. Asubuhi ile alikuwa ameangusha mgunga mkubwa wenye tundu. Mti ulipolala chini, komba jike alichomoka akiwa amemwuma mtoto mmoja ubavuni, kama paka abebavyo watoto wake, akarukia mti wa jirani na kutoweka. Mtoto wa pili alibaki. Ndiye aliyekuwamo kofiani: macho yaliyouzidi uso, masikio membamba kama ganda la kitunguu, na mwili usiotosha kujaza kiganja.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre," akasema.

"Milele amina, baba. Karibu."

"Nyinyi mwaandika gazetini habari za miti na viumbe, na mimi husoma. Basi nieleze. Huyu ana faida gani?"

Tukamjibu kwamba naye ni kiumbe cha Mungu.

"Hata kupe ni kiumbe cha Mungu, Padre."

Tulicheka, naye akacheka. Lakini alipokwisha kucheka aliendelea kutusubiri, na hapo tukatambua kwamba hakuja kufanya mzaha. Mkaa ndio sare za watoto wake na madaftari yao. Ndio dawa mkewe anapougua. Mtu huyu alitaka kujua kama kazi impayo mkate ni dhambi, nasi tukampa jibu la mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Makala haya ni deni lake.

Kwanza yafaa tumjue tunayemzungumzia. Komba wa kwetu ni yule ambaye wataalamu humwita komba wa Senegali, kwa kuwa jamii yake imeenea katika ukanda mrefu wa nyika kutoka Senegali hadi Afrika ya Mashariki. Tawi lake moja limekaa kandokando ya ziwa letu, kutoka magharibi ya Serengeti hadi Mwanza, na kupanda hata Ankole katika Uganda. Uzito wake ni kama gramu 200. Hupenda nchi ya migunga, kwani chakula chake ni wadudu pamoja na gundi itokayo katika magome ya miti hiyo. Mchana hulala, mara nyingi pamoja na wenzake kadhaa, katika tundu la mti au penye matawi ya miiba. Jua likichwa huamka, akaenda peke yake kutafuta riziki, akiruka mita tatu na zaidi kutoka tawi hadi tawi. Macho yake hayazunguki vizuri katika vishimo vyake, hivyo hana budi kugeuza kichwa kizima ili atazame pembeni. Na masikio yake aweza kuyakunja apitapo kwenye miiba, na kuyakunjua tena asikiapo mbawa za panzi. Ana desturi nyingine ambayo wasomaji watatusamehe kuitaja: hujikojolea viganja na nyayo kabla ya kuruka. Wengine husema ni kwa ajili ya kushika tawi vizuri, wengine husema ni kuweka alama ya njia zake. Mimba yake huchukua kama miezi minne, naye huzaa mtoto mmoja au wawili. Kwa mnyama mdogo hivyo, huo ni uzazi wa polepole. Panya angekuwa amekwisha kuona vitukuu.

Yuko na komba mkubwa wa mkia mnene, ambaye hulia usiku mithili ya mtoto mchanga aliyetupwa porini. Kwa kilio hicho Waingereza waliwaita komba wote watoto wa porini. Waswahili wa pwani wao humkumbuka komba wanapomsema mlevi, kwa sababu hupanda mnazi kwa ajili ya tembo lililogemwa, na asubuhi akapatikana hajiwezi. Huku kwetu mgema ni haba, na jina la komba limebaki na mambo ya giza. Kiumbe kinachotembea usiku, chenye macho yanayong'aa mbele ya tochi na sauti ya mtoto asiyeonekana, hakikosi kushukiwa. Bundi na popo wanajua.

Komba wa kwetu hayumo katika hatari kubwa kwa sasa, na hatupendi kuwatia wasomaji hofu isiyo na msingi. Lakini yupo ndugu yake wa upande wa mashariki ambaye atuonyesha njia hii yaelekea wapi. Ni komba wa Rondo, aliyepewa jina la uwanda wa Rondo katika mkoa wa Lindi. Uzito wake ni gramu 60 hivi. Mchukue yai la kuku mkononi, nawe umemchukua komba wa Rondo. Mkia wake umefunguka nywele kama brashi ya kusafishia chupa. Wataalamu walimtambua kuwa aina ya peke yake katika miaka ya 1990 tu, na walimtambua hasa kwa sauti. Komba wadogo wafanana mno kwa sura hata macho hudanganyika. Basi watu wakaketi msituni usiku na vinasa sauti, wakagundua kwamba kila aina ina wito wake ambao wengine hawaujui. Twafikiri wachungaji wa Palestina wasingestaajabu.

Komba huyo amepatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani, vilivyotengana kama visiwa: Rondo na Litipo kule Lindi, Zaraninge karibu na Saadani, Pande na Pugu kando ya Dar es Salaam. Mwaka 2008 aliorodheshwa na Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile katika daraja la viumbe walio hatarini mno kutoweka, na kwa miaka kadhaa alikuwa katika hesabu ya wale 25 walio taabuni kuliko wote duniani katika kundi lile ambamo wataalamu huweka nyani, sokwe na, kwa upande wa mwili, sisi wenyewe.

Tuliposoma jina la Pugu tulisimama. Wakatoliki wa nchi hii walijua Pugu kabla ya kusikia habari za komba wake. Wamisionari Wabenedikto walijenga hapo mwaka 1888, na mnamo Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misioni ikachomwa na baadhi yao wakauawa. Baadaye ikawapo shule, nayo iliwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko. Mwalimu Nyerere alifundisha hapo hadi mwaka 1955, akaacha kazi kwa ajili ya siasa. Ni wavulana wangapi waliolala katika mabweni yale, wakasali jioni kwa mtakatifu aliyewaita viumbe ndugu zake, na huku nje komba mwenye uzito wa yai akiwaita wenzake katika msitu usio mbali! Hakuna aliyejua jina lake. Nao mji wa Dar es Salaam ukakua, ukala, na ulipopika ulipika kwa mkaa. Msitu wa Pugu ulikatwa pande zote kwa miaka mingi. Leo Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia, na twashukuru. Lakini kilichohifadhiwa ni salio.

Sasa turudi kwenye swali.

Wapo watetezi wa maumbile ambao wangemjibu mzee wetu upesi. Wangemwambia kwamba komba hula wadudu waharibifu, kwamba msitu huvuta mvua na kuzuia udongo usishuke ziwani, kwamba watalii huleta fedha. Hatuyakatai hayo, na habari ya udongo kila mvuvi wa ghuba ya Mwanza anaijua. Lakini jibu hilo lina kasoro ndani yake. Kama haki ya kiumbe kuwapo yatokana na faida yake kwetu, basi siku faida ikikoma, na haki yakoma. Sokwe atapona, maana watu watavuka bahari ili wamwone. Tembo atapona. Komba wa gramu 60, anayetoka usiku na kujificha mchana, hana cha kuuza. Atakayemtetea kwa faida atakuwa amemweka katika mizani ambayo lazima imshinde.

Tena mizani ya faida sisi wa Kanda ya Ziwa twaijua kuliko wengine, na twaijua kwa aibu. Katika nchi ya Usukuma, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Walikuwa wanawake wasioweza tena kulima wala kuzaa, na baadhi yao walikuwa na shamba ambalo mtu alilitamani. Na ushahidi ulioletwa juu yao mara nyingi ulikuwa nini? Macho mekundu. Macho ambayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, baada ya miaka hamsini ya kuinama jikoni wakiwapikia wale wale waliokuja kuwashtaki. Msitusikie vibaya. Komba si sawa na bibi kizee, na Mungu apishie mbali mtu atakayewalinganisha. Mtu mmoja ni sura ya Mungu, na komba wote wa dunia hawafikii thamani yake. Tunalolisema ni juu ya jicho la mtazamaji. Jicho lililozoea kuuliza kwanza "wewe wanifaa nini?" halibadiliki lifikapo mlangoni mwa nyumba ya mtu. Linaingia nalo likiuliza vile vile.

Tulipokuwa seminari kuu tulisomeshwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na yapasa kukiri kwamba mtakatifu huyo hakuwa mtu wa kulia machozi juu ya wanyama. Afundisha waziwazi kwamba mimea na wanyama vimewekwa kwa ajili ya mtu, na kwamba kuwatumia kwa chakula si dhambi. Hapo mchoma mkaa ana wakili mkubwa. Lakini huyo huyo Tomaso auliza mahali pengine kwa nini Mungu aliumba vitu vingi vya namna nyingi, asiumbe kimoja kilicho bora kikatosha. Ajibu kwamba wema wa Mungu hauwezi kuonyeshwa vya kutosha na kiumbe kimoja, hata kiwe bora namna gani. Ndiyo sababu alivifanya vingi, ili lile lililopungua katika hiki lipatikane katika kile. Tuliliandika jibu hilo katika mtihani na kupata alama nzuri. Haikutupitia moyoni kwamba fundisho lile lilihusu kitu chochote kilichokuwa hai nje ya dirisha. Lakini kama ni kweli, basi komba yupo ili kuonyesha jambo fulani la Mungu ambalo simba halionyeshi, wala malaika halionyeshi, wala sisi. Na akitoweka, jambo lile halitaonyeshwa tena mpaka mwisho wa dunia. Msitu waweza kupandwa upya. Aina ya kiumbe haipandwi.

Maandiko Matakatifu nayo yana neno. Ayubu alipomtaka Mungu ajieleze, Mungu alimpeleka kutazama wanyama, na karibu wote aliomtajia walikuwa wa porini, wasiofungwa nira wala kukamuliwa: paa wa majabalini azaapo bila mkunga, punda wa nyika acheaye kelele za mji, mbuni, kunguru na makinda yake. Tena alimwuliza ni nani aletaye mvua juu ya nchi isiyokaliwa na mtu. Hilo ni swali zito kwa yeye adhaniaye kwamba mvua hunyesha kwa ajili ya shamba lake tu. Na katika Kumbukumbu la Sheria, katikati ya amri za nyumba na mavazi, imo amri ndogo kwa mtu akutaye kiota njiani: aweza kuwachukua makinda, lakini amwache mama aende zake. Mwisraeli mwenye njaa hakunyimwa chakula. Alinyimwa kuchukua vyote. Twaliona hilo kuwa fundisho kamili juu ya matumizi ya viumbe. Mtu ale, asimalize.

Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alitoa barua yake Laudato Si', naye humo alisema kwa ukali kwamba aina nyingi za viumbe zinapotea kwa sababu yetu, na kwamba hatuna haki ya kufanya hivyo, maana kila moja humtukuza Mungu kwa kuwapo kwake tu. Wengine walidhani Papa ameleta jambo jipya kutoka Ulaya. Wangalisoma Ayubu wasingedhani hivyo.

Basi je, mchoma mkaa ametenda dhambi?

Hapa twaomba wasomaji wetu wa mijini watusikilize kwa makini, maana ni rahisi sana kumpenda komba kwa njaa ya mtu mwingine. Nchi hii imewahi kufanya hivyo. Wasomaji wengi wamesikia sifa za kisiwa cha Rubondo, na sifa hizo ni za kweli: mwaka 1965 kilifanywa pori la akiba, mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa, kati ya 1966 na 1969 waliachiwa huko sokwe 17 waliotoka katika kifungo cha Ulaya, nao wakazaa na kuenea, na msitu umefunika sehemu kubwa ya kisiwa. Kisichotajwa sana ni kwamba kabla ya sokwe walikuwako watu, wavuvi na wakulima, nao wakahamishiwa visiwa vya jirani na bara. Hatusemi kwamba Rubondo isingelindwa. Twasema kwamba gharama yake ililipwa, na tujue ni nani aliyeilipa. Wazinza waliopakia vyungu vyao mtumbwini hawakuulizwa na mtalii yeyote kama walifika salama.

Tangu Tamko la Arusha la Septemba 1961, ambalo si Azimio lile la 1967, taifa limejifunga kuwatunza wanyama wa porini kama amana ya watoto na wajukuu. Kujifunga ni kwa taifa zima. Haiwezekani taifa zima likaahidi, na mtu mmoja mwenye shoka akalipa.

Tufuate gunia la mkaa, tuone linakokwenda. Mzee wetu hupikia kuni za kuokota. Mkaa hautumii nyumbani kwake, maana ni fedha. Gunia lapanda baiskeli, kisha pikipiki, kisha lori, na laingia Mwanza. Huko ziko nyumba zetu. Ziko mama lishe, hoteli, shule, na, tusifichane, nyumba za mapadre na za masista. Tanuri la udongo la kienyeji hula tani tano hadi kumi za miti ili litoe tani moja ya mkaa. Kwa hiyo yeye apikaye maharage mjini kwa saa tatu ameshika shoka refu kuliko la yule aliye porini, ila mpini wake hauonekani. Sheria ya maadili i wazi juu ya hayo: ashirikiye katika tendo kwa kulilipia hawezi kunawa mikono na kumwachia mtendaji peke yake. Tena masikini aliyekosa njia nyingine hatia yake hupungua. Mwenye njia nyingine, asiyeitumia kwa uvivu au kwa uchoyo, hatia yake haipungui hata kidogo.

Ndiyo maana jibu letu kwa mzee ni hili: wewe, baba, huna hatia kubwa kama tuliyo nayo sisi tunaonunua.

Serikali iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku ziache kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024, na mpango wa taifa wa nishati safi ya kupikia wataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kufikia 2034. Twajua visingizio vyote, kwa kuwa tumevitoa wenyewe. Mtungi wa gesi ni ghali kuujaza kwa mara moja, wakati mkaa waweza kununuliwa kwa kopo. Wapishi husema ugali wa gesi hauna ladha. Katika nyumba tunamokaa sisi wahariri, mpishi alilalamika mwezi mzima, nasi kwa udhaifu tukamwacha abaki na jiko moja la mkaa kwa ajili ya maharage na makongoro. Bado lipo. Shule ya Kikatoliki au seminari ambayo ingali inapokea lori la kuni kila juma haina udhuru mkubwa kuliko wetu, na sauti yake darasani juu ya utunzaji wa viumbe haitakuwa na nguvu hata iwe tamu.

Na yule aachaye kukata, ale nini? Hatuna jibu rahisi, ila tuna mfano, nao hauko mbali. Shinyanga, nchi ya Wasukuma kama huku, ilikatwa miti kwa makusudi wakati wa ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, kisha ikakatwa tena kwa ajili ya pamba na mifugo, hata watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Waanzilishi wake walileta miche kwanza, lakini wakawa na akili ya kuwauliza wazee, na wazee wakawakumbusha ngitili. Wasukuma kwa desturi yao hufunga sehemu ya malisho mvua zianzapo, hawaigusi, na huifungua kiangazi majani yaishapo kwingine. Mti uliokatwa wakati sehemu imefungwa huchipuka wenyewe kutoka katika kisiki. Haumgharimu mtu hata senti. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600. Miaka ishirini haikupita zikawa zimezidi hekta 300,000. Watu walipata kuni karibu, miti ya kujengea, asali, dawa na majani ya kuezekea, na wanyama na ndege ambao watoto walikuwa hawajawaona walirudi. Hakuna aliyehamishwa. Mwenye ngitili alikula, asimalize. Hatujui mzee gani wa Kisukuma aliyesoma Kumbukumbu la Sheria.

Laiti parokia zenye ardhi, na ziko nyingi zenye ekari ambazo hazilimwi, zingefunga ngitili zao, na familia zinazochoma mkaa zingepewa zile za kwanza kuzitunza na kula matunda yake. Tumelipendekeza kwa sauti ndogo katika vikao viwili. Katika kimoja lilicheka, katika kingine liliandikwa katika kumbukumbu.

Wasomaji watataka kujua habari za yule mtoto wa komba. Hatukuwa na maziwa yanayomfaa, wala hatukujua ni yapi. Mzee alisema komba jike hurudi kutafuta. Basi kabla ya giza tulikwenda naye hadi pale mgunga ulipoanguka, na katika mti wa jirani, ambao shoka lilikuwa bado halijaufikia, tukapata tundu dogo. Akampandisha humo kwa mkono wake mwenyewe. Tuliketi mbali kidogo mpaka hatukuona kitu tena, tukarudi kusali Rozari na watu. Asubuhi, kabla ya Misa ya kwanza, mzee alikwenda kutazama. Tundu lilikuwa tupu. Yaweza kuwa ni mama, yaweza kuwa ni fungo, alama haikuwapo.

Mti ule, mwenye tundu, ulikuwa wa kukatwa Jumatatu. Mzee alituuliza kama aukate. Tulipiga hesabu pamoja naye: ungetoa magunia matatu, labda manne. Tulikuwa na fedha ya gunia moja mfukoni, tukampa, naye akaipokea bila kusema kama inatosha. Haikutosha.

Wenye maoni juu ya jambo hili watuandikie kwa anwani ya gazeti. Barua za wachoma mkaa zitatangulia.